Miaka Hamsini na Tisa na Nusu

Rhonda Becker hufika kazini kabla ya jua kuchomoza. Huegesha gari lake pale pale karibu na pipa la taka, ingawa nafasi nzuri zipo tele. Huvaa buti nyeupe za mpira, hufunika nywele kwa kofia ya wavu, kisha husimama kwenye mstari wa kufungasha. Mimi husimama kulia kwake. Jibini linakuja, sisi tunalifunga. Tumefanya hivyo miaka mingi, na sijawahi kumsikia Rhonda akiilalamikia kazi. Humlalamikia Gary, msimamizi wetu. Redio ya Gary anailalamikia kila siku.

Alder Falls ni mji mdogo. Watu wa hapa watakueleza habari za magoti yao, za mbwa wao, na za theluji ya mwaka gani sijui. Pesa hawazitaji. Ukimuuliza mtu mshahara wake, ni kama umemuuliza rangi ya nguo zake za ndani. Kwa hiyo mtu akipata shida ya pesa haendi ofisini kuuliza. Anasubiri Ijumaa, anakwenda baa kula samaki wa kukaanga, na huko anamsikiliza yeyote anayeongea kwa sauti kubwa. Katika familia ya Becker, mtu huyo ni Kirk.

Kirk ni mdogo wake Duane, na Duane ndiye mume wa Rhonda. Kirk anauza matairi. Ni mtu mwenye roho nzuri, lakini neno "sijui" halijawahi kutoka kinywani mwake.

Mambo yalianza mwanzoni mwa Oktoba, wiki ile baridi ilipobisha hodi. Rhonda alirudi nyumbani akamkuta Duane amekaa jikoni amevaa koti na kofia ya sufu.

"Unaenda wapi?" Rhonda akauliza.

"Siendi popote. Tanuru limekufa."

Tanuru lenyewe lilikuwa chini ya nyumba, kwenye chumba cha chini. Ndilo lililopasha nyumba nzima joto tangu watoto wao wakiwa wadogo. Fundi alikuja kesho yake. Alimulika tochi, akagonga hapa na pale, akatoka huku anatikisa kichwa.

"Limepasuka ndani," alisema. "Likiwaka, moshi wenye sumu utaingia vyumbani. Mtalala na hamtaamka. Nimefunga gesi."

"Haliwezi kutengenezwa?" Duane akauliza.

"Mzee, hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Mnahitaji jipya. Na msikawie, maana theluji inakuja."

Duane aliendesha lori la maziwa maisha yake yote, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla vidole vya mguu. Sasa hafanyi kazi. Anatumia dawa kila siku, na dawa hizo ni ghali sana. Zinalipwa na bima ya afya ya Rhonda, ile ya kiwandani. Bima ya serikali ya wazee hataipata mpaka afikishe miaka sitini na mitano, na bado alikuwa na miaka mitatu mbele. Akiba yao ya benki ilikuwa imeishia hospitalini, kwenye mguu huo huo. Duka la matanuru lilikuwa tayari kuwakopesha, lakini riba yake ilimfanya Rhonda acheke kwa hasira.

Pesa moja tu ilibaki. Kiwandani Rhonda alikuwa na akaunti ya akiba ya uzeeni, aina ile inayoitwa Roth. Kila mshahara ukitoka, unakatwa kodi kwanza, kisha sehemu yake inaingia kwenye akaunti hiyo. Kwa kuwa kodi imeshalipwa mwanzoni, uzeeni mtu anatoa pesa zake bila kodi tena, pamoja na faida iliyozaliwa humo. Hayo ndiyo Rhonda aliyoyajua. Mengine hakuyajua, na hakumuuliza mtu.

Ijumaa walikwenda kula samaki. Kirk alikuwa ameshafika, na sahani yake ya kabichi na mkate ilikuwa nusu.

"Shemeji, mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Tanuru," Rhonda akajibu.

"Duane kaniambia. Sasa shida iko wapi? Si una Roth wewe? Hata mimi ninayo! Nilitoa pesa mwaka juzi nikanunua boti. Hakuna aliyeniuliza kitu. Pesa uliyoweka ni yako, ilishalipiwa kodi. Unatoa muda wowote."

"Muda wowote?"

"Hata leo. Piga simu Jumatatu."

Rhonda alikula samaki wake wote siku hiyo. Duane aliagiza na kitindamlo.

Jumatatu mapumziko ya chai yalipofika, alitoka nje akapiga simu kwenye mfuko unaotunza akiba zetu. Alirudi ndani uso mweupe kama jibini lenyewe.

"Wamekataa," aliniambia. "Yule kijana wa kwenye simu kaniuliza umri, nikamwambia hamsini na tisa. Akasema, 'Bado umeajiriwa na hujafika hamsini na tisa na nusu. Hatuwezi kukupa, labda uwe umeacha kazi.' Nikakata simu. Pesa zangu mwenyewe!"

"Hukumuuliza zaidi?"

"Nimuulize nini? Nianze kumsihi?"

Hivyo ndivyo tulivyo hapa. Kuuliza mara ya pili tunaona ni kuombaomba. Jioni ile Rhonda alimsimulia Kirk, na Kirk akafikiri kidogo, kidogo sana, akapata jibu.

"Basi shemeji, kizuizi ni kazi. Ondoa kazi. Acha, chukua pesa zako, nunua tanuru, pumzika mwezi mmoja, halafu rudi. Kiwanda kile kila siku kinatafuta watu. Kuna bango pale barabarani!"

"Na bima ya Duane?"

"Umeshailipia mwaka mzima. Itaenda mpaka Desemba."

Duane hakupendezwa. "Kirk, una uhakika?"

"Kaka, nimewahi kukudanganya?"

"Ulisema barafu ya ziwa itabeba pikapu yangu."

"Hiyo ilikuwa Machi. Machi ni mwezi wa ajabu."

Walicheka, lakini nyumba ilikuwa baridi kiasi kwamba pumzi zao zilionekana. Walikuwa wamehamia chumba kimoja, wakifunga mlango kwa blanketi, na hita ndogo ya umeme iko katikati. Duane miguu yake haihisi vizuri. Asubuhi moja Rhonda alishika mguu wa mumewe akaukuta kama kitu kilichotoka kwenye friji, na mwenyewe hajui. Rhonda aliniambia kwamba hapo ndipo alipoamua. Aliogopa safari hii angepoteza mguu mzima, na hofu hiyo ilimzidi nguvu kuliko kitu kingine chochote.

Ijumaa ile alimfuata Gary, akampa notisi ya wiki mbili. Huku kwetu ndivyo mtu mwenye adabu anavyoacha kazi. Anatoa notisi ya wiki mbili, anafanya kazi mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo wenzake wanamletea keki.

Gary alizima redio. Hilo peke yake lilitutisha.

"Rhonda, ni mimi? Ni redio?"

"Si redio. Ni mambo ya nyumbani."

"Mambo gani?"

"Ya nyumbani, Gary."

Gary hakuuliza tena, maana na yeye ni mtu wa hapa hapa. Alisema tu, "Jumatatu pita kwa Janelle kwenye ofisi ya mafao. Kila anayeondoka lazima apite kwake." Kisha akaenda kubandika tangazo la nafasi ya kazi kwenye chumba cha chai, akalibandika upande upande. Na mimi nilikwenda kuagiza keki. Nililia kwenye gari, sitaficha. Niliwaambia waandike kwa sukari ya bluu: Kwaheri Rhonda.

Janelle ni binti wa hapa hapa. Rhonda alimfundisha masomo ya Jumapili kanisani alipokuwa mtoto. Sasa ni mama wa watoto wawili, ana ofisi yenye dirisha, na juu ya meza ana bakuli la peremende. Watu huingia, huchukua peremende, husema habari ya hali ya hewa, hutoka.

"Bi Rhonda," alisema Jumatatu hiyo. "Keti. Siamini. Unaondoka kweli?"

"Naondoka."

"Umepata kazi nyingine?"

"Hapana."

"Duane hajambo?"

"Hajambo. Niambie nitie sahihi wapi."

Janelle alisogeza bakuli la peremende kando. "Bi Rhonda, wewe ulinifundisha kwamba kusema uongo kanisani ni dhambi. Hapa si kanisani, lakini mimi ni yule yule. Niambie kuna nini."

Rhonda alitazama dirishani. Halafu, sijui ni uchovu au ni yale macho ya mtoto aliyemjua, akasema yote. Alisema tanuru, mguu wa Duane, simu, na Kirk. Alisema kwa sauti ya chini kama anayekiri kosa.

Janelle alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Yaani unaacha kazi ili upate pesa zako mwenyewe?"

"Si ndivyo walivyosema kwenye simu?"

"Walisema mambo mawili, wewe ukachukua moja. Tuanze mwanzo. Kirk pesa zake aliziweka wapi?"

"Benki, nadhani. Alifungua mwenyewe."

"Basi Roth yake ni ya mtu binafsi. Yako ni ya kazini. Jina ni moja, sheria ni mbili. Umewahi kuona maziwa yaliyoachwa yakatulia?"

"Janelle, nafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini."

"Haya. Malai inapanda juu, maziwa yanabaki chini. Roth ya Kirk ndivyo ilivyo. Pesa aliyoweka mwenyewe ni maziwa, na faida ni malai. Yeye ana bomba chini ya ndoo. Anafungua, anachota maziwa yake tu, malai haiguswi. Kwa hiyo hakuna anayemdai kodi."

"Na yangu?"

"Yako imekorogwa. Kila kikombe utakachochota kina maziwa na kina malai. Huwezi kusema nipe nilichoweka tu. Ukitoa kabla ya wakati, sehemu ile ya faida inatozwa kodi, na mara nyingi na faini asilimia kumi juu yake. Lakini hata kabla ya hapo, mtu ambaye bado yuko kazini na hajafika umri hafunguliwi ndoo hivi hivi."

"Hata akiwa na shida?"

"Iko njia ya shida kubwa, kwa mifuko inayoiruhusu. Wetu unaruhusu. Matibabu, mazishi, karo ya chuo, kununua nyumba ya kuishi, kuzuia usifukuzwe kwenye nyumba, au kurekebisha nyumba iliyoharibiwa na janga. Tanuru lililokufa kwa uzee halimo."

"Kwa hiyo ningesubiri kimbunga kipige nyumba?"

"Kimbunga kingekupa sababu. Lakini kodi na faini kwenye ile faida vingekuwa pale pale, na pesa ukishaitoa kwa njia hiyo huirudishi." Janelle alicheka kidogo. "Ipo na njia ya mkopo. Unakopa kwenye akaunti yako mwenyewe, kiasi kisichozidi nusu ya kilicho chako, na una mpaka miaka mitano kulipa. Tunakata kwenye mshahara, na riba inarudi kwako mwenyewe. Ukilipa vizuri hakuna kodi. Ukiacha kazi na deni ungali nalo, hapo ndipo mambo yanakuwa magumu."

"Deni lingine sitaki. Bado nalipa la mguu."

"Nimekuelewa. Sasa nijibu. Siku yako ya kuzaliwa ni lini?"

"Aprili. Tarehe ishirini na nane. Nitafika sitini. Theluji itakuwa imekuja na kuondoka, Janelle, na sisi tumeshaganda."

"Nani kasema sitini?"

Rhonda akamkazia macho.

"Walikwambia hamsini na tisa na nusu," Janelle akasema. "Ukimuuliza mtoto wangu umri, atakwambia sita na nusu, na ole wako usahau nusu yake. Sisi watu wazima ndio tunaiacha. Hesabu pamoja nami. Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba."

Alihesabu kwa vidole, na Rhonda naye alihesabu. Walipofika Oktoba, Rhonda alibaki ameshika kidole chake cha sita.

"Tarehe ishirini na nane Oktoba," alisema.

"Jumanne ya wiki ijayo. Siku hiyo unafika umri, Bi Rhonda. Na mfuko wetu unamruhusu mtu aliyefika umri huo kutoa pesa huku anaendelea na kazi. Si kila kampuni inaruhusu. Dada yangu kwao hawaruhusu, mpaka mtu aondoke. Ndiyo maana nawaambia watu waje waulize hapa, wasiulize baa."

Rhonda alitaka kufurahi, lakini akajizuia. Anajijua. Akifurahi mapema, huumia zaidi.

"Nilisikia pia habari ya miaka mitano," alisema. "Kwamba bila miaka mitano watakata kodi kwenye faida. Mimi nilianza kukatwa Desemba. Ile Desemba ya Duane kulazwa, nakumbuka vizuri. Miaka mitano haijatimia mpaka Desemba hii."

"Swali zuri. Hilo hata Kirk hakulijua?"

"Kirk alisema miaka mitano ni ya wafungwa."

Janelle alicheka mpaka akafuta macho. "Sikiliza. Sheria haihesabu tangu siku ile uliyoanza kukatwa. Inahesabu tangu tarehe mosi Januari ya mwaka ule ule. Ulianza Desemba, lakini mwaka wote ule umehesabiwa kuwa wako. Miaka yako mitano ilitimia mwaka mpya uliopita, wewe ukiwa umelala."

"Ilitimia?"

"Zamani. Kwa hiyo kuanzia Jumanne ijayo una vyote viwili, umri na miaka mitano. Unachota kikombe chako, maziwa na malai, na hulipi kodi hata senti moja. Faini hakuna. Ile sehemu ambayo kiwanda kilikuwa kinakuongezea iko pembeni, hiyo ilikuwa haijalipiwa kodi, kwa hiyo usiiguse. Toa kwenye Roth tu, na toa ya tanuru tu. Iliyobaki iache izae. Uzee wenyewe bado unakuja."

Rhonda alivua kofia yake ya wavu. Aliniambia hakujua kwa nini aliivua. Alikaa nayo mkononi, akaanza kulia, na Rhonda si mtu wa kulia. Janelle alimpa peremende, kwa sababu hakuwa na kitambaa.

"Na ile bima?" Rhonda akauliza alipoweza kusema. "Ningeondoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kirk alisema ingeenda mpaka Desemba."

"Ingekwisha siku hiyo hiyo ya mwisho wa mwezi. Ungeweza kuiendeleza kwa muda, lakini ungeilipia yote mwenyewe, na hiyo bei sitaki hata kuitaja. Ungerudi kazini, ungekuwa mtu mpya. Mtu mpya hapa anasubiri miezi miwili kabla ya bima."

Rhonda alifikiria dawa za Duane kwa miezi miwili. Alisimama ghafla.

"Gary!" alisema.

Tulimwona akipita mbio kwenye mstari wa kufungasha, na kukimbia huko ndani ni marufuku. Gary alikuwa kwenye chumba cha chai na kijana wa zamu ya usiku, wanatazama lile tangazo.

"Gary, naomba notisi yangu irudi."

Gary aligeuka polepole. "Irudi?"

"Siondoki. Kama nafasi bado iko."

"Huyu hapa anaitaka."

Yule kijana alimtazama Rhonda, akamtazama Gary. "Mimi? Mimi nilikuwa nauliza tu ni saa ngapi."

Gary alibandua tangazo lake, akalikunja mara nne, akalitia kwenye pipa. "Jana nilipiga hesabu," alisema. "Kuziba nafasi yako ningehitaji watu wawili, na mmoja wao awe anajua kununa. Rudi kwenye mstari. Na hapa ndani hatukimbii."

Halafu akaenda kuwasha redio, akaipandisha sauti. Rhonda alirudi kwenye mstari. Ndiyo siku pekee ninayoikumbuka aliyoivumilia redio ile.

Kwa siku zile chache za kusubiri, nyumba ya Becker ilijaa hita. Kirk alileta mbili kutoka dukani kwake, akaleta na kuni za jiko dogo walilokuwa nalo gereji, bila kuambiwa. Aliziweka mlangoni, akakohoa, akasema, "Sheria zimebadilika siku hizi." Mimi nilipeleka bakuli la tambi na nyama, na jirani alipeleka soksi za sufu. Duane alivaa soksi tatu tatu na kila asubuhi Rhonda aliikagua miguu yake kidole kwa kidole, vile vilivyobaki.

Jumanne ile, mapumziko ya chai, Rhonda hakutoka nje kujificha. Alikwenda ofisini kwa Janelle, wakakaa pamoja mbele ya kompyuta. Janelle alimwonyesha pa kubonyeza. Walipofika mahali panapouliza kama bado ameajiriwa, Rhonda aliandika ndiyo kwa furaha, akabonyeza kwa nguvu hata Janelle akaihurumia kompyuta. Wiki iliyofuata pesa ziliingia benki, zote, bila kukatwa.

Kabla ya hapo kulikuwa na keki. Nilikuwa nimeshailipia, na duka likasema ishaandikwa, haibadilishwi. Kwa hiyo Ijumaa ya mwisho wa Oktoba niliileta hivyo hivyo, na maneno yake ya bluu: Kwaheri Rhonda. Pembeni walichora boga, kwa kuwa jioni ile, kama desturi ya kila mwaka, watoto wangepita nyumba kwa nyumba na vinyago vyao wakiomba peremende. Gary alikata mshumaa mmoja katikati, akachomeka nusu yake.

"Nusu," alisema. "Hongera ya nusu mwaka."

Tuliimba, vibaya sana. Rhonda alikata keki mwenyewe. Alikata kwa uangalifu mkubwa, akatenga kipande kimoja chenye lile neno la kwanza zima, akakifunga kwenye karatasi ya jibini kama tunavyofunga kazini.

"Hicho ni cha nani?" nikamuuliza.

"Kinaenda kwenye friza," akasema. "Kina mwenyewe."

Tangu siku hiyo kuna jambo limebadilika kiwandani. Mzee mmoja wa idara ya kutia jibini chumvi alikwenda kwa Janelle kuuliza kuhusu mkopo. Mama mwingine alikwenda kuuliza miaka yake mitano imeanza lini, akakuta bado miwili, akaamua kungoja. Mimi mwenyewe nilikwenda, na nikagundua nilichodhani ni Roth si Roth kabisa. Tunaingia, tunachukua peremende, tunasema habari ya hali ya hewa, halafu tunafunga mlango na kuuliza. Bado tunaona haya kidogo.

Tanuru jipya lilifungwa katikati ya Novemba, wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Fundi yule yule alilifunga, na Kirk alikuja kushika tochi. Nilikuwepo, maana nilikuwa nimefuata bakuli langu. Lilipowaka, halikupiga kelele kama lile la zamani. Tulisimama jikoni tukisubiri, tukidhani halijawaka. Kisha joto likaanza kupanda kutoka sakafuni. Duane alilihisi shingoni. Alivua kofia yake ya sufu, akaiweka mezani, na nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja. Rhonda alimtazama mumewe akiwa kichwa wazi ndani ya nyumba yake, akashusha pumzi ndefu, na hatukuiona pumzi hiyo.

Halafu alifungua friza. Alitoa kile kifurushi, akakifungua, akakiweka kwenye sahani mbele ya Kirk.

Kirk alisoma ile bluu. "Kwaheri," alisema. "Kwaheri nani?"

"Huo ndio ushauri wako, shemeji," Rhonda akasema. "Ule mwenyewe."

Kirk alitutazama mmoja mmoja. Keki ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliitafuna yote, herufi moja baada ya nyingine, na alipomaliza aliuliza ofisi ya Janelle inafunguliwa saa ngapi.